Mawe Mawili Mfukoni: Je, Haki Hubadilika Ukivuka Mpaka?



Wapendwa vijana, leo nawaletea somo ambalo nimelikwepa kwa muda wa miaka miwili. Nimelikwepa kwa sababu linanihusu mimi na familia yangu. Chukua Biblia yako na kalamu. Tutafungua sehemu kadhaa za Maandiko, na mwishoni nimeweka maswali ambayo mnaweza kuyajadili katika kikundi cha VIWAWA au kwenye jumuiya ndogondogo.

Swali la kaka

Ilikuwa likizo ya Noeli, nikiwa nimemaliza masomo ya falsafa. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi katika kampuni moja ya kigeni inayoingiza mashine na vipuri. Wakati huo kazi yake ilikuwa kushughulikia makaratasi ya forodha na kuhakikisha mzigo unavuka mpaka. Tulikuwa tumekaa nje baada ya chakula cha usiku, akaniambia: “Frateri, wewe umesoma falsafa miaka mitatu. Hebu nijibu kitu kimoja.”

Akanieleza. Kila mzigo una gharama mbili. Ya kwanza ni kodi halali, hiyo ina risiti. Ya pili ni bahasha. Ukitoa bahasha, lori linapita siku hiyohiyo. Usipotoa, faili lako “halionekani”, na tozo za kuchelewesha mzigo zinapanda kila siku. Bosi wake, ambaye ni mgeni, alipofika mara ya kwanza alishangaa. Baada ya miezi michache akazoea, akawa anasema: “Kila nchi ina utaratibu wake. Mimi ni mgeni, naheshimu utamaduni wa hapa.”

“Sasa frateri,” kaka akauliza, “hiyo ni dhambi au ni utamaduni?”

Jamani, nilimpa mhadhara! Nikaanza na Plato, nikapita kwa Aristotle, nikafika hadi kwa Kant. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mtoto akikariri shairi la shule. Nilipomaliza akasema: “Sawa, nimekuelewa. Na ada yako ya kidato cha tano na cha sita, unafikiri ilitoka kwenye mshahara peke yake?”

Sikuwa na jibu. Mama akatuita tuingie ndani kwa sala ya usiku, na nakiri kwamba usiku ule nilisali midomo tu.

Somo hili ni jibu langu kwa kaka, lililochelewa.

Kila watu na ukweli wao?

Alichokisema yule bosi kina jina katika falsafa: relativizimu ya kimaadili. Kwa maneno rahisi ni fundisho linalodai kwamba hakuna jema wala baya kwa watu wote. Kuna jema la kwenu na jema la kwetu, na hakuna mizani ya juu inayoweza kutupima sote. Kinyume chake ni maadili ya wote: imani kwamba yapo mambo yanayompasa kila binadamu kwa sababu tu ni binadamu, awe Tokyo au Tabora. Kanisa linaiita misingi hiyo sheria ya asili. Mtume Paulo anaigusa katika Warumi 2:14-15, anaposema kwamba hata mataifa wasiopewa Torati wanaonyesha kuwa matakwa yake yameandikwa mioyoni mwao, na dhamiri zao zinashuhudia.

Tuwe waungwana kwanza: relativizimu haikuzuka bure. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, anasimulia kwamba Dario mfalme wa Uajemi aliwaita Wagiriki waliokuwa kwake, akawauliza wangetaka kulipwa kiasi gani ili wale maiti za baba zao. Wakasema hawawezi kufanya hivyo kwa fedha yoyote. Kisha akawaita watu wa kabila moja la India ambao desturi yao ilikuwa kula maiti za wazazi wao, akawauliza wangetaka kiasi gani ili wawachome moto, kama walivyofanya Wagiriki. Wakapiga kelele, wakamsihi asitamke jambo baya namna hiyo.

Wengi wakiisikia hadithi hii wanasema: umeona? Hakuna ukweli, kuna desturi tu. Lakini isome tena polepole. Wote wawili wanaamini kwamba mzazi aliyekufa anastahili heshima. Wanatofautiana namna ya kumpa heshima hiyo. Na tazama jambo lingine: wote wawili waliahidiwa fedha, na wote wawili wakakataa. Wagiriki na wale Wahindi walijua kwamba kuna kitu hakiuzwi.

Kwa hiyo tunahitaji kutenganisha ngazi mbili. Kuna desturi, yaani namna ya kuishi jema mahali fulani. Na kuna msingi, yaani jema lenyewe ambalo desturi inajaribu kulilinda. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1957, inafundisha hivyohivyo: utekelezaji wa sheria ya asili hutofautiana sana kadiri ya mahali, nyakati na mazingira, lakini ndani ya tofauti hizo inabaki kuwa kanuni inayowaunganisha watu.

Katika biashara mambo mengi kweli ni desturi. Japani kadi ya biashara hupokelewa kwa mikono miwili, na kuisukumia mfukoni bila kuitazama ni utovu wa adabu. Kwenye nchi za Ghuba mazungumzo ya bei hayaanzi kabla ya kahawa na kuulizana habari. Sisi kwetu huendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Mfanyabiashara anayedharau mambo haya na kudhani ustaarabu wote ulizaliwa kwao amekosea pia. Nasema hivi kwa sababu wapo watu wanaoita mazoea ya kwao “maadili ya dunia nzima” na kutaka kila mtu ayafuate. Kiburi hicho nacho si Injili.

Lakini je, bahasha ya mpakani ni desturi ya namna hiyo?

Wizi wa ng'ambo ya mpaka

Julius Caesar aliandika kuhusu makabila ya Wajerumani wa kale kwamba kwao unyang'anyi uliofanyika nje ya mipaka ya kabila haukuhesabiwa kuwa aibu. Karne nyingi baadaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliitumia habari hiyo katika Summa Theologiae, pale anapozungumzia sheria ya asili, akionyesha jinsi akili ya watu inavyoweza kupotoshwa na tamaa au mazoea mabaya hata wasione tena jambo lililo wazi.

Niliposoma sehemu hiyo darasani, kilichonishika ni yale maneno kuhusu mipaka. Makabila hayo yalijua kabisa kwamba wizi ni mbaya. Ndani ya kabila hukumwibia jirani. Kilichobadilika kilikuwa ni nani anayeibiwa.

Usidhani hayo yaliisha zamani. Hadi mwaka 1999, mfanyabiashara wa Ujerumani aliyetoa rushwa kwa ofisa wa nchi nyingine aliweza kuihesabu rushwa hiyo kama gharama ya biashara na kupunguziwa kodi. Nyumbani, kumhonga ofisa wa serikali kulikuwa jinai. Nje, kulikuwa matumizi ya kawaida, kama mafuta ya gari. Na Ujerumani haikuwa peke yake. Nchi nyingine tajiri za Ulaya zilikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Marekani ilipiga marufuku kampuni zake kuhonga maofisa wa nchi za nje mwaka 1977. Mkataba wa nchi za OECD wa kupinga rushwa hiyo ulitiwa saini mwaka 1997 na kuanza kutumika mwaka 1999. Desemba 2008 kampuni ya Siemens ilikubali kulipa takriban dola bilioni 1.6 kwa mamlaka za Marekani na Ujerumani kwa sababu ya malipo ya rushwa katika nchi mbalimbali.

Sisemi haya ili tuwacheke Wajerumani. Nasema ili tuone kwamba kauli “kila nchi na utamaduni wake” mara nyingi haitoki kwa mtu aliyechunguza tamaduni. Inatoka kwa mtu anayejua kwamba jambo ni baya, na ametafuta mahali ambapo halitamgharimu.

Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 25:13-16. Mungu anawakataza watu wake kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Mfanyabiashara wa zamani alitumia jiwe zito wakati wa kununua na jiwe jepesi wakati wa kuuza. Yule mwizi hakatai kwamba mizani ipo. Angekuwa haamini mizani, asingebeba mawe. Anaihitaji mizani ili aibie kwa kutumia imani ya watu kwenye mizani.

Halafu nenda Mambo ya Walawi 19:33-36. Hapa ndipo niliposhangaa. Amri ya kuwa na mizani ya haki na mawe ya haki inakuja mara tu baada ya amri ya kumpenda mgeni kama nafsi yako. Zimeandikwa pamoja. Ni kama Mungu alijua kwamba mahali pa kwanza tutakapobadilisha jiwe ni pale mteja anapokuwa mtu wa mbali.

Kitu kisichoandikika

Tuje nyumbani. Wengi wenu mmesikia habari ya rada. Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza iliiuzia serikali ya Tanzania mfumo wa rada kwa pauni milioni 28 hivi. Zaidi ya dola milioni 12 zililipwa kwa wakala aliyesaidia kupata mkataba. Desemba 2010, katika Mahakama ya Southwark jijini London, kampuni ilikiri kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu kuhusu malipo hayo. Tuseme ukweli wote: haikutiwa hatiani kwa rushwa. Lakini malipo yale yaliandikwa vitabuni kama huduma za kiufundi, na jaji alionyesha wazi kwamba haamini kuwa wakala yule alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri. Kampuni ilitozwa faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikaletwa kwa ajili ya Watanzania. Zilitumika kwa vitabu na madawati ya shule. Pengine wewe unayesoma hapa uliwahi kukisoma kimoja cha vitabu hivyo.

Jiulize: kama malipo ya aina hii ni utamaduni, kwa nini hayaandikwi kwa jina lake? Posa ni utamaduni, na tunaitangaza kwa vigelegele. Rambirambi ni utamaduni, na tunaiandika kwenye daftari jina kwa jina. Zawadi hutolewa hadharani na haidai kitu. Lakini bahasha inahitaji majina ya kukopa: chai, soda, kitu kidogo, kulainisha, gharama za mawasiliano. Tunaibadilisha jina kwa sababu dhamiri inalijua jina lake la kwanza.

Tena, utamaduni wa nani? Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ni ya mwaka 2007. Zamani zaidi, wanachama wa TANU chini ya Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere waliahidi kwamba hawatapokea wala kutoa rushwa. Bibi yangu kijijini, ambaye hajawahi kusikia neno relativizimu, akimsikia karani amekula hela ya wananchi anasema “mwizi yule”. Huo nao ni utamaduni wa hapa! Mgeni anaposema anaheshimu utamaduni wetu kwa kutoa bahasha, amechagua kumsikiliza anayepokea, na amemnyamazisha bibi yangu.

Jengo lenye nyufa

Swali hili la “utamaduni wa nani” linakuwa zito zaidi pale ambapo kinachopimwa ni uhai wa mtu.

Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Ndani yake kulikuwa na viwanda vya kushona nguo kwa ajili ya maduka ya Ulaya na Marekani. Siku moja kabla, nyufa zilionekana kwenye jengo. Benki iliyokuwa ghorofa za chini ikawaondoa wafanyakazi wake. Washonaji, wengi wao wasichana wa umri wenu, waliambiwa waingie kazini kesho yake.

Walisimama nje wakiwa na hofu. Hawakutaka kuingia. Wengine waliogopa kukatwa mshahara. Hapo mtu wa Ulaya anaweza kusema “mazingira ya kazi ya kule ni tofauti na ya kwetu”? Mawe mawili yalikuwa ndani ya jengo lilelile moja: wa benki alipimwa kwa jiwe moja, mshonaji akapimwa kwa jiwe lingine.

Siku chache baadaye, tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Papa Fransisko alizungumzia habari kwamba waliokufa walikuwa wakilipwa kama euro 38 kwa mwezi, akasema hiyo ni kazi ya kitumwa.

Mtu atauliza: “Lakini frateri, maisha ya Bangladesh ni ya bei nafuu kuliko ya Italia. Walipwe sawa?” Hapana. Kiasi cha mshahara kinaweza kutofautiana, kwa sababu bei ya mchele na kodi ya nyumba zinatofautiana. Hiyo ni ngazi ya desturi na mazingira. Kisichotofautiana ni kwamba mshahara lazima umwezeshe mtu kuishi kama mtu. Katekisimu, namba 2434, inasema kwamba makubaliano ya pande mbili peke yake hayatoshi kuuhalalisha mshahara mbele ya maadili. Papa Leo XIII alikwisha kufundisha hivyo katika Rerum Novarum mwaka 1891, maana mwenye njaa hukubali chochote. Na nondo za jengo hazijui utamaduni. Ghorofa lisilobeba uzito Italia halibebi uzito Bangladesh.

Kijana wa Goma

Huenda unasema: maneno mazuri, ila maisha ni magumu. Nakubali. Kwa hiyo nakupa rafiki.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981 huko Goma, mashariki ya Kongo, mji ulio mpakani kabisa na Rwanda. Alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwahudumia watoto wa mitaani. Alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, kazi inayofanana sana na ile iliyomzunguka kaka yangu kila siku, ila yeye alikuwa upande wa pili wa meza. Akaletewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Akakataa, kwa sababu alijua watakaokula. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Kanisa limemtambua kuwa shahidi wa imani.

Fikiria bahasha ile ilikuwa inasema nini. Ilikuwa inasema kwamba chakula kisichofaa kuliwa na mwenye mzigo kinafaa kuliwa na mtoto wa Goma. Floribert alikuwa na jiwe moja tu mfukoni, naye hakukubali.

Nilichomjibu kaka

Pasaka iliyofuata nilirudi kwa kaka bila Kant. Nikamuuliza maswali matatu tu, na baada ya hapo mengi aliyafanya mwenyewe.

La kwanza: bosi wako angefanya hivi kwao? Kaka alimuuliza kweli. Bosi akacheka, akajibu: “Kwetu ningefungwa.” Kaka anasema cheko lile ndilo lililomwamsha. Kumbe alijua muda wote.

La pili: unaweza kuyaandika malipo haya vitabuni kwa jina lake? Kaka akaomba yaandikwe “bahasha ya kupitisha mzigo”. Haikuwezekana, na wote mnajua kwa nini.

La tatu: nani anailipa? Hapa kaka alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia habari za mama mmoja aliyekuwa na tenga za nyanya kwenye gari dogo nyuma ya lori lao. Lori lilipita mchana uleule. Mama hakuwa na bahasha. Siku ya tatu maji ya nyanya yalikuwa yanadondoka barabarani. “Sisi tulinunua nafasi yake,” kaka akasema. Mama yule hakuulizwa kama ule ni utamaduni wake.

Naomba msidhani mambo yaliisha vizuri. Kaka alimwambia bosi kwamba hatabeba bahasha tena. Hakufukuzwa, ila alihamishiwa ghalani, na kipato kilishuka. Kazi ya bahasha akapewa mwingine. Mdogo wetu wa mwisho aliahirisha chuo mwaka mmoja. Shemeji yangu alikasirika, na sina haki ya kumlaumu. Mpaka leo lori zinapita na watu wanasubiri.

Na mimi? Nilisoma kwa hela hiyo. Nilimwendea padre muungamishi nikamwambia. Hakunipa majibu ya kitabuni. Aliniambia nifungue Luka 19:1-10, nimtazame Zakayo, mkuu wa watoza ushuru. Zakayo hakutoa hotuba kuhusu mfumo mbovu wa Warumi, ingawa ulikuwa mbovu. Alisimama, akataja maskini, akataja watu aliowadhulumu, akataja kiasi. Padre akaniuliza: “Wewe unaweza kutaja nani?” Nikamtaja mama wa nyanya, ambaye simjui jina. Sasa katika mwaka wangu wa kichungaji, kile kidogo ninachopewa cha nauli natenga sehemu kwa mama mmoja muuza mboga wa parokiani ambaye mtaji wake ulikatika. Ni kidogo, na hakilingani na ada ya miaka miwili. Ila nimeanza kuhesabu.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba kaka ruhusa. Akasema: “Andika frateri, ila jina langu usiweke. Na hiyo habari ya Kant itoe.” La pili sikumtii.

Maswali ya kutafakari

1. Soma Luka 3:12-14. Yohane Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi. Aliwaambia nini? Kwa kazi unayofanya au unayotarajia kufanya, maneno hayo yangesomekaje?

2. Taja desturi moja ya biashara ya mahali pako iliyo nzuri na inayopaswa kuheshimiwa na wageni. Kisha taja jambo moja tunaloliita “kawaida” ambalo hatuwezi kuliandika kwa jina lake.

3. Ukiagiza bidhaa ya bei rahisi sana kutoka nje, au ukiuza kwa mteja wa mbali asiyeweza kurudi kulalamika, jiwe unalotumia ni lilelile unalotumia kwa jirani?

4. Je, kuna kitu chema ulicho nacho leo ambacho kilinunuliwa na foleni ya mtu mwingine? Soma Mathayo 7:12, ukae kimya dakika tano.

Tusali

Ee Bwana, wewe uliyetengeneza moyo wa kila mtu, utuondolee lile jiwe la pili tunalolificha. Utupe ujasiri tunapokuwa mbele ya meza, na tunapokuwa nyuma yake. Uwakumbuke waliopoteza kwa sababu sisi tulipata. Utufundishe kurudisha, hata kama ni kidogo kidogo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, utuombee.

Naomba na ninyi mniombee mimi, mmwombee na kaka.